Nyuma ya Kabati

Mara ya kwanza tuliupaka rangi tu.
Wifi Siwema alikuwa anashuka kutoka Newala,
hapakuwa na muda wa kusugua,
basi Likwata akachovya brashi, rangi ya maziwa,
akapita juu ya weusi kama anayefunika sahani.
Wifi akala, akasifu, akaondoka.
Kufika Januari doa limerudi
pale pale, na limekuja na watoto.

Mikindani mvua ikishika haibishi hodi.
Chumvi inalia kwenye kikopo,
kiberiti kinakataa njiti ya tatu, ya nne,
viatu vyangu vya harusi vimeota manyoya ya kijani
kama vifaranga vya ndege nisiyemjua.
Na Esha anakohoa, saa nane za usiku,
kikohozi kikavu, kila siku ubavu ule ule wa kitanda:
ubavu wa kabati.

Kabati la mninga, la mama yangu.
Tangu liingie humu halijasogezwa,
limeubana ukuta kama wana la kuambiana.
Kulihamisha kunataka watu wawili,
na sisi wawili, siku tisa,
tunasemeshana kwa kinywa cha mtoto:
Mwambie baba yako uji uko mezani.
Mwambie mama yako nimeshiba.

Siku ya kumi nikajifunga leso puani,
nikashika pembe moja. Nikangoja.
Akaja, akashika ya pili.
"Inua," akasema.

Jamani.
Ukuta umevaa baibui.
Harufu ya mhogo ulioloweshwa ukasahauliwa,
na chini, kanga ya mama, sijui iliangukia huko lini,
jina lake limeliwa lote, limebaki neno moja:
NA.
Nikachutama nalo mkononi. Na nini? Na nani?

Fundi Chipoka aligonga kwa kifundo cha kidole.
"Haya ni matumbawe," akasema,
"yalikuwa baharini, na hayajasahau.
Yanakunywa chini, yanapumua kwa ngozi.
Ninyi mmeyavisha saruji. Jasho litokee wapi?"
Likwata akatazama kucha za miguu yake.
Saruji ile ndiyo hela ya korosho,
ile ile niliyoililia mfereji wa bati.
Neno lilinijia mpaka kwenye meno.
Nikalimeza, na leso yangu juu.

Tukabandua. Vumbi, patasi, siku tatu.
Tukasugua kwa sabuni, tukafuta kwa siki,
Binti Mnali akipaza sauti dirishani:
"Siki na jiki msizichanganye,
zitawatoa roho kabla ya ukungu!"
Vitambaa tukavichoma. Viatu pia, nikageuka pembeni.
Ukuta tukauacha uchi, ukauke kwa saa yake,
kisha chokaa, iliyolala pipani wiki mbili,
nyembamba, mkono juu ya mkono.

Sasa mfereji upo, wa mabati ya kukopa,
unapiga kelele usiku, unamwaga maji mbali na msingi.
Jaa la jivu limehama ubavu wa nyumba.
Nguo mbichi hazilali tena kwenye kamba ya chumbani;
mvua ikipumzika, madirisha yote wazi,
hata yale aliyoyagongelea misumari.
Na kabati limesimama shubiri moja kutoka ukutani,
shubiri ya mkono wake, wangu haukutosha.
Esha analala. Si kila usiku, lakini analala.

Ijumaa napitisha kiganja humo nyuma.
Baridi, lakini pakavu.
Jana, kona ya juu, kidoa:
punje ya mtama, haizidi.
Nikamwita. Akaja na kikombe chake cha chai.
"Nimekiona tangu juzi," akasema,
"nilikuwa nangoja unionyeshe."
Akaweka kikombe juu ya kabati.
"Siki iko wapi?"