Kitabu cha Kukodi

Nakala ni moja tu, mia tano kwa siku,
jalada nimelibandika seloteipu mara tatu.
*Ukucha wa Marehemu.* Kinakaa kaunta
kati ya mashine ya fotokopi na bakuli la peremende,
hapa Mwananyamala, mtaa wa nyuma ya hospitali,
ambako nusu ya wateja hutoa nakala za vibali vya mazishi
na nusu nyingine wanangoja umeme urudi.

Anayekirudisha hulipa, lakini haondoki.
Huegemea kaunta. Kina kitu kinamkereketa.

Mwantumu wa saluni kakirudisha kinanuka mafuta ya nazi:
"Dada, yule Daktari Siwema anaokota unywele mmoja, mmoja tu,
anajua marehemu alikula nini, alilala wapi, alimpenda nani.
Mimi nafagia nywele za watu ndoo nzima kila jioni
na sijui hata nani atanilipa Jumamosi."

Bwana Chilongani, karani mstaafu wa mahakama,
hakusema neno. Aliandika kwa penseli nyuma ya jalada:

*Mtunzi nakusifia, kalamu yako si haba,*
*Ila damu umetia, kurasa zote zashiba,*
*Muuaji katujia, tangu ukurasa saba,*
*Mbona hukumfichia, walau ndani ya juba?*

Chini yake, kwa kalamu nyekundu, mwanafunzi Elirehema:
"Funza hawatoki kwa saa mbili. Ukurasa wa 88. Uongo."
Akaupigia mstari uongo huo mara mbili,
kisha kitabu akakaa nacho hadi Jumatatu.

Na Bi Sikudhani! Huyo aliipiga kaunta kwa kiganja:
"Vinasaba usiku mmoja, asubuhi wana jina?
Mimi nilipeleka mate ya mwanangu akiwa wa mgongoni.
Majibu yamefika, mtoto keshatembea,
tena kwa matege yaleyale ya baba'ke,
mtaa mzima umeshatoa hukumu bila maabara."
Hata hivyo alikiazima tena.
Eti kuna kipande hakukielewa vizuri,
kile cha Siwema kubusiwa kwenye ngazi.

Ndimbo wa mochwari alikaa nacho siku tisa.
Alikirudisha kimevikwa gazeti, pembe zimekunjwa sawasawa.
"Kizuri," akasema.
Nikangoja.
Akafungua ukurasa wa mia na kumi na mbili,
ukucha wake mfupi, msafi, ukasimama chini ya mstari.
"Hapa daktari anaingia, anamfunua, anaanza kupima.
Hagongi."
"Hagongi nini?"
"Mlango. Sisi tunagonga.
Tunajua hakuna wa kuitikia. Tunagonga."
Akafikiri kidogo.
"Halafu kitabu kizima, hakuna mtu kwenye benchi la nje.
Hakuna aliyeshika kanga ya kumfunikia.
Huyu maiti kaja na nani?"
Akahesabu elfu nne na mia tano,
akachukua peremende moja, akaenda zamu.

Mimi sijavuka ukurasa wa arobaini.
Muuaji nimeshatajiwa na watu watano,
na kila mmoja kanitajia wake.

Jana, saa kumi na moja, akaja mama mmoja na karatasi,
kaikunja mara nne kama hela ya nauli.
"Nakala mbili, mwanangu."
Macho yake yakatua kwenye jalada,
kwenye ule mguu uliochorwa, kidole gumba na kikaratasi chake.
"Hiki kinahusu nini?"
Nikakisukuma chini ya kaunta.
"Cha mtu, mama. Kimeshaazimwa."
Nikaikunjua karatasi yake, nikaipitishia kiganja ilale.
Nikagonga kifuniko cha mashine,
mara mbili, polepole,
ndipo nikakifunua.