Mabati Kumi na Mawili

Luanda, umeme umekwenda tena.
Nimeweka koroboi juu ya debe la unga
na kitabu cha majedwali, ukurasa wa logi,
umelegea kwa vidole vya waliomaliza shule kabla yangu.
Mmoja ameandika pembeni kwa penseli: usikate tamaa.
Mwingine, chini yake: kata tu.

Upepo ulipotuvua paa mwezi wa pili
Mama alikopa elfu kumi na mbili kwa Endeki,
kumi kwa mia, kila mwezi, riba juu ya riba.
Daftari la Endeki halina jedwali.
Lina mate ya kidole gumba
na kumbukumbu ndefu.

Nilianza vibaya. Nilitia na deni la chama humo humo,
nikaivunja logi ya jumla kama mkate.
Wino mwekundu wa Mwalimu Vugutsa ninao kichwani:
zao hugeuka jumla, mgao hugeuka tofauti,
lakini jumla yenyewe, kijana, haina mlango.
Nikafuta.

Deni moja tu, basi. Lini litakuwa maradufu?
Moja nukta moja, kwa kipeo cha n, ni sawa na mbili.
Na n imekaa juu kule kama kuku aliyelala darini,
huifikii kwa kujumlisha, huifikii kwa kutoa.
Ipigie logi, pande zote mbili.
Nikapiga. Ikashuka,
ikasimama mbele ya mlango kama mtoto aliyetumwa chumvi:
n mara logi ya moja nukta moja.

Nukta tatu sifuri moja sifuri
kugawanywa kwa nukta sifuri nne moja nne.
Kikokotoo nimemwazima Imbuga, hajakirudisha,
kwa hiyo logi tena, juu ya logi:
moja chini ya kistari, mbili chini ya kistari,
kila moja na kipande chake cha bati kichwani.
Nikatoa. Nikarudi kinyume cha logi, kidole kikifuata safu.
Saba nukta mbili saba.

"Mama, Septemba tutadaiwa elfu ishirini na nne."
Alikuwa akichambua omena, hakuinua kichwa.
"Septemba mahindi tumeshavuna," akasema, "na tumeshayala.
Unadhani cherehani imekwenda wapi?"

Nikainua koroboi.
Chini ya dirisha, sakafuni, alama nne za miguu ya chuma,
na uzi wa buluu uliosahauliwa.
Tangu lini? Nilikuwa nimeketi hapa hapa
nikitafuta n.

"Amechana ukurasa?"
"Amechana. Nimemwambia anipe, nimewashia moto."

Swali la tisa ni la bakteria,
wanaongezeka maradufu kila dakika ishirini.
Nikanukuu swali, nikaacha nafasi ya jibu.
Mvua ikaanza upande wa Maseno, ikatufikia.
Nikayasikiliza mabati, yote kumi na mawili.
Hakuna lililovuja.