Moja kwa Thelathini na Tano

Bodi nimeikata kwenye kopo la mafuta ya kula.
Ekseli ni spoki ya baiskeli, magurudumu ni kandambili
niliyoiokota mwaloni, nikaichonga kwa wembe
mpaka kashata za tairi zikaonekana.
Kioo cha mbele ni eksirei ya kifua cha baba,
ya Bugando, mwaka ule wa kikohozi.
Niliisugua kwa jiki, picha ikatoka,
ila ubavu mmoja uligoma,
umebaki upande wa abiria kama moshi wa sigara.

Kazi yangu ni kuandika majina ya mitumbwi.
Watasema Mchana. Deni la Shemeji. Subira Kidogo.
Rangi ninazo, brashi ninazo, mkono hautetemeki.
Lori la jeshi, nilidhani, ni herufi tu,
herufi kubwa yenye milango.

Nikapaka kijani.
Baba akaliinua dirishani, akaligeuza tumbo juu
kama mtu anunuaye kuku.
"Nkwimba, hili ni la gwaride.
Letu, kijani chake tulikiona siku ya kukabidhiwa tu."

Msasa. Nikaanza upya.
Njano ya mtumbwi, hudhurungi, jivu la jiko,
vumbi nililolichekecha kwa soksi.
Nikachovya brashi, nikaifuta gazetini hadi ikakaribia kukauka,
ndipo nikaipitisha kwenye kingo, juu juu,
na lori likazeeka mbele yetu kwa dakika mbili.
"Mlango wa kushoto haukuwa na komeo.
Tuliufunga kwa kamba ya katani."
Nikachomoa uzi kwenye gunia.
"Tundu hapa." Nikatoboa kwa sindano.
"Na hapa." Nikatoboa.
Kidole chake kikahamia pengine, kikabaki hewani.
Sindano nayo ikasubiri.

Mtu mzima, kwa kipimo hiki, ana sentimeta tano.
Nilichonga wawili kwa nta ya mshumaa.
Baba akamweka mmoja kwenye usukani.
Wa pili akamshika muda mrefu.
"Bahitwa alikuwa mrefu. Ongeza milimeta nne."
Nikaongeza.
Akamtia mfuko wa shati.

Usiku akauliza: na barabara, nayo inagawanyika?
Nikatoa simu, nikapiga hesabu.
Bukoba hadi Mutukula, tuseme kilomita themanini,
kwa thelathini na tano:
mbili na ushei.
"Yaani hapa hadi Mkuyuni."
Hapa hadi Mkuyuni, baba.
"Na Kyaka?"
Moja na nusu.
Akanyamaza. Kisha akauliza viatu vyake viko wapi.

Alfajiri tukatoka Igogo, lori ndani ya boksi la viatu,
ziwa mkono wa kulia, halijaamua rangi,
reli, magunia ya mkaa, mama mmoja akikanda chapati.
Baba alihesabu hatua kwa sauti, kwa Kisukuma.
Njiani alifungua boksi, akapuliza vumbi bodini,
akajutia, akachota jingine barabarani
akalinyunyiza.

Kwenye kalavati, kabla ya kona, akasimama.
Chini yanapita maji ya kufulia, povu lake lote.
"Daraja lilikuwa limekatwa. Tukasubiri.
Siku ya tatu akachukua dumu, akaenda kuteka maji."
Bodaboda akapiga honi: mzee, pembeni!
Baba akasogea hatua moja, moja tu.
Akatoa nta mfukoni. Ilikuwa imelainika kwa joto la kifua,
imeshika alama ya mshono wa shati.
Kwa ukucha akafungua katani,
akamkalisha kwenye kiti chake, uso nyuma ya ule ubavu,
akafunga tena
kwa fundo ambalo si langu.

"Bado mita ngapi?"
Mia saba hivi.
"Twende. Tukifika, chai vikombe vitatu."