Vidole vya Kinuni

Kinu chetu kiko Viwandani, nyuma ya reli.
Kikishawashwa saa kumi na mbili asubuhi
hakuna tena mwenye masikio Nakuru hii.
Vyuma, mikanda, vichujio,
unga umetua kwenye kope kama uzee wa ghafla.
Miaka kumi na moja tulipaza sauti:
Zima! — Nani? — Zima! — Nini?
Wairegi alipoteza kucha mbili
kwa neno ambalo halikufika.

Na tulikuwa wamoja, nisiwadanganye:
kilima kimoja, kanisa moja,
mashangazi walewale.
Nafasi ikitokea haikufika langoni,
iliishia kwenye sahani ya jioni:
"Yupo yule kijana wa Wangeci, hana kazi."
Damu nzito kuliko maji, tulisema,
na kwa damu hiyo tukakandia unga.
Mwaka ule mbaya, lango lilipofungwa kwa minyororo,
tulijua kila jina la pili linatoka wapi.
Bado tunajua.

Mzee akafa. Bintiye, Nyokabi, akakalia kiti chake,
akasema tangazo libandikwe nje, ukutani,
wapitapo wauza miwa na wenda kazini.
Zikaja barua arobaini na tatu.
Akanipa utepe wa wapaka rangi:
"Msimamizi, funika majina."
Nikafunika.
Lakini naungama: nyingine niliziinua dirishani,
nikachungulia herufi dhidi ya jua.

Barua ya ishirini na sita haikuwa na maneno makubwa.
Nimesaga miaka minne Chwele, kwa mjomba.
Najua kufunga mkanda. Najua mahindi yaliyolowa.
Siku ya mahojiano akaingia msichana mrefu,
akaweka karatasi mezani: Mimi ni kiziwi. Niandikieni.

Kalamu niliishika mimi, na aibu ni yangu:
Utasikiaje kinu kikikwama?

Akasoma. Akavua viatu.
Akashuka nasi hadi chini, akasimama kwenye saruji
peku, macho kafumba,
kama anayeonja chumvi kwa unyayo.
Kisha akanyoosha kidole: mashine ya tatu,
beringi ya kushoto.
Tulifungua jioni. Ilikuwa imeanza kulika.
Ila kabla ya jioni hiyo alishaandika jibu
chini ya swali langu, kwa mwandiko wa darasani:
Na nyinyi mnasikiaje?

Anaitwa Nasambu.
Ngumi iliyofungwa: zima.
Kiganja wazi: subiri.
Vidole vikisuguana: unga una unyevu.
Kidole juu ya pua, mara mbili: Nyokabi anakuja.
Hiyo ya mwisho tuliijua sote siku ya kwanza.
Siku hizi tunasengenya katikati ya ngurumo,
kutoka juu ya ngazi hadi kwenye mizani,
na hakuna anayerudia.
Wairegi, na vidole vyake viwili butu,
eti ana lafudhi. Nasambu humcheka:
anaongea kama mtu wa milimani.

Sitasema tumefika.
Choo bado kina ngazi tatu,
na Ekiru wa stoo huziparamia kwa matako,
mkongojo begani, akitukana kwa Kiturkana
matusi ambayo sasa tunayaelewa.
Ngazi zitavunjwa mwezi ujao. Mwezi ujao
ni mwezi mrefu sana kinuni.
Bosibori anauliza kwa nini wasimamizi wote
bado wanatoka kilima kile kile.
Ananiangalia anapouliza.

Kidole kimoja hakivunji chawa:
nilimwandikia Nasambu methali hiyo, nikijiona mwerevu.
Akaisoma, akaniinulia vyote kumi,
akavichezesha, akarudi kwenye mashine yake.

Leo ziko mezani barua kumi na tisa.
Utepe ninao mfukoni.
Nafunika la kwanza, la pili, la tatu.
La nne, jua linaingia dirishani, na mkono,
mkono huu nilioulea mwenyewe,
unaanza kuinuka na karatasi.

Nakunja ngumi.
Zima.