Kibubu cha Misumari Saba

Ndahani seremala alinigongea kwa vipande vya mbao
vilivyobaki kwenye kitanda cha mtu mwingine.
Misumari saba. Mlango hakuna, mdomo tu,
mwembamba kama wa mtu aliyekatazwa kusema.
"Siku ukitaka kukifungua," akaniambia, "ukiue."

Nikakisukuma uvunguni, nyuma ya ndoo.

Kazi yangu ni soko la mahindi, hapa Kibaigwa.
Napepeta magunia ya watu, jero kwa gunia,
na jioni, wapagazi wakishaenda kunywa,
nafagia punje zilizodondoka chini ya mizani.
Hakuna tajiri anayeinama kwa punje.
Basi nainama mimi.
Nikawaza: kama punje zina mfagiaji,
sarafu nazo zimekosa nini?

Ikawa sheria ya nyumba.
Noti ya buku iliyochanika pembe, ndani.
Mia mbili ya nauli niliyoitembea kwa mguu, ndani.
Hamsini, ambayo hata mtoto ukimpa anakutazama mara mbili, ndani.
Baba Nyemo akacheka. Nikamjibu, "Bandu bandu huisha gogo."
Akasema, "Basi sisi Wagogo tumekwisha."

Vita vilikuwa dukani kwa Mangi.
"Sina chenji, mama, chukua pipi."
Sitaki pipi. Nipe mia yangu.
"Mia, mama?"
Mia, baba.
Nilisimama pale hadi wenzangu watatu wakapimiwa unga,
hadi akaipata chini ya boksi la viberiti
akanirushia kama anayerushia kuku.
Aibu ilikuwepo, sisemi haikuwepo.
Lakini aibu haienei kwenye tundu lile. Mia inaenea.

Tangi la lita elfu, jeusi, lilisimama
nje ya duka la vifaa, kando ya barabara ya Morogoro.
Laki na sitini. Nililijua kama jirani.
Nikitoka bombani na ndoo kichwani
nililisalimia kwa macho, shingo haigeuki.

Mwezi wa nane Nyemo akashikwa na homa usiku.
Nilikwisha kuunyanyua mchi wa kinu.
Baba yake akatoka na redio, akarudi na dawa.
Redio ile hatujaizungumzia mpaka leo.

Mwezi wa kumi nikaona sisimizi
wamejipanga ukutani, wanaingia kibubuni mmoja mmoja.
Nikashangaa. Sisimizi na pesa, wapi na wapi?

Tukakiua Desemba mosi, kwa nyundo ileile ya Ndahani.
Sarafu zikamwagika mkekani kwa kelele
za mtu aliyenyamazishwa mwaka mzima.
Na katikati yake, pipi. Pipi kumi na moja,
zimeyeyuka, zimegandana na noti mbili za buku.
Nyemo akaficha uso kwenye kanga yangu.
"Mangi alinipa chenji," akasema.
"Na wewe ulisema chenji ni humo."

Laki moja, sitini na tatu elfu na mia nne.
Tukaenda. Tangi lilikuwa palepale,
kumbe nalo lilikuwa likijiwekea, kimyakimya:
laki na tisini na tano.

Sikulia mbele ya muuzaji.
Tukachukua mapipa mawili ya bluu
yaliyowahi kubeba mafuta ya alizeti,
na bati la kukunjia mfereji.
Zile buku mbili zenye sukari alizikataa.
Nikaziosha, nikazianika kambani
katikati ya soksi za mtoto.

Mvua ilichelewa, kama kawaida ya huku.
Ilipokuja, ilikuja usiku,
tone, kimya kirefu, tone,
kwenye pipa tupu.
Baba Nyemo akageuka. "Unahesabu?"
Nikamwambia hapana.
Nilikuwa nimelala macho wazi,
nasikiliza kitu kikidondoka
bila mimi kukidondosha.