Nambari Hazina Lugha

Bwana Shamsani wa yadi ya Tudor
alipuliza marashi garini kabla sijaingia,
kama anayenipokea harusini.
Nikaketi, nikanusa, nikasahau kusikiliza injini.

Noah nyeupe. Saa ya kilomita: elfu sitini na nane.
"Lilikuwa la ajuza wa Yokohama," akaapa,
"akiendea sokoni tu, kisha analirudisha kivulini."
Nami, miaka kumi na minne nikipikia harusi za watu,
masufuria yangu juu ya mkokoteni, juani,
nikaiona biriani yangu ikisafiri kwa kiyoyozi.
Laki nane na nusu.
Nikamhesabia noti zenye harufu ya kitunguu.

Siku ya tisa, Likoni.
Kushuka kwenye feri, gari halikusema neno.
Kupanda ng'ambo ndiko lilikokataa:
likanguruma, likarudi nyuma taratibu,
mbele kilima cha saruji, nyuma lori la soda,
na ndani wali wa watu mia mbili na arubaini.
Wenye miguu yao wakanisukuma huku wakinitukana;
kijana mmoja, kuku mkono huu na kuku mkono huu,
akasukuma kwa mgongo.
Wali ulifika. Ulifika saa kumi,
bibi harusi keshavua viatu.

Fundi Chengo wa Changamwe hata boneti hakufungua.
Alipitisha kidole ubavuni mwa mlango,
akabandua utepe uliopakwa rangi ya gari.
Chini yake kikaratasi cha Kijapani, kimefifia,
maandishi kama nyayo za ndege kwenye unga,
ila tarakimu ni zile zile zetu:
214,306. Siku ya kubadilisha mafuta.
"Lugha hii siijui," akasema. "Lakini nambari hazina lugha."

Kumbe yule ajuza soko lake lilikuwa mwezini.

Nikarudi Tudor. Shamsani akanionyesha risiti,
chini kabisa, herufi za kimo cha sisimizi:
*Likiuzwa halirudi.*
"Mama, gari si kanga, uvae kisha urudishe."
Nikamwambia, kanga ina neno lake
na limeandikwa wazi, hata jirani analisoma.
La gari lako umelibandikia utepe.

Akaniambia wiki ijayo.
Wiki ijayo alikuwa Dubai.
Wiki iliyofuata alikuwa matangani,
ingawa nilikisikia kikohozi chake nyuma ya pazia.

Jumatatu nikalivuta gari kwa kamba
hadi mkabala na lango lake.
Nikafungua mlango wa nyuma, nikateremsha jiko,
karai, unga, iliki, mbaazi za tui.
Mahamri kwa pesa, kisa bure.
Sikutia chumvi; hakikuhitaji.
Mtu na mkewe waliokuja kutazama Probox
wakala, wakasikiliza, wakafuta vidole,
wakaenda zao.
Jumatano akaja mzee wa Kisauni na bahasha.
Hakuagiza kitu. Akasema tu, "Hata mimi,"
akakaa karibu na jiko.

Alhamisi Shamsani akatoka mwenyewe.
Alikula mahamri sita akiwa wima,
akaniita ofisini, akafungua droo.
Akapunguza elfu nne: "Za kuosha, na za marashi."
Nikacheka mpaka machozi. Nikamwambia na mimi
namdai mahamri sita na sahani ya mbaazi.
Akalipa, wallahi, kwa sarafu.

Nilihesabu mara mbili,
kisha mara ya tatu kwa kidole chenye mate.
Nikamwambia yule mzee wa bahasha:
jiko nakuachia. Makaa bado yana moto.

Funguo nikampa Shamsani.
Sikumwambia kwamba jana usiku
niliinua zulia chini ya usukani
na kwa ncha ya mshikaki nikachora tarakimu sita
kwenye bati.
Atakayelinunua,
siku moja atamwaga chai,
ataliinua zulia alianike.