Inchi Nane

Barua ya halmashauri ya mji ilisema inchi nane.
Nyasi zikizidi hapo, faini.
Doreen Hruska aliisoma wima jikoni,
akaikunja mara nne,
akaisukumiza chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Miaka thelathini na mmoja, hapo hapo Nebraska,
Milo aliunyoa ukoka ule kila Jumamosi
kama kichwa cha kuruta,
kisha akajitwika dumu la dawa mgongoni
akapulizia hadi ukingo wa lami.
Akachomeka kibendera cha njano:
watoto na mbwa wasikanyage, siku mbili.
Mbwa wao hakujua kusoma.

Milo alipofariki, mashine ilibaki bandani na petroli yake.
Machi, theluji ingali viraka viraka,
Doreen alitoka na bakuli la kukandia mkate,
mbegu za klova zimechanganywa na mchanga,
akatawanya
kama mtu anayelisha kuku wasioonekana.

Kufikia Mei ukoka ulikuwa umepata majirani.
Klova ilijaza palipokuwa na kipara.
Urujuani mwitu ulijileta wenyewe,
hakuna aliyeualika, hakuna aliyeufukuza.
Na yale maua ya njano yanayozeeka upesi
yakaota mvi, yakapeperukia kwa jirani.
Ndiyo ikaja barua.

Baada ya barua akaja kijana, Curtis Oltmanns,
na rula ya chuma.
Akapiga magoti karibu na sanduku la posta.
"Sita," akasema. Akasogea. "Nne."
Akasogea tena, akanyamaza:
nyuki watatu walikuwa wakiikagua rula.

"Unapulizia nini hapa?"
"Sipulizii."
"Unamwagilia?"
"Mungu akikumbuka."

Alikaa magotini kuliko kazi ilivyodai,
kiganja kimezama kwenye ubaridi ule wa majani.
Kwangu, alisema, uwanja ni zulia la dukani,
hauna hata jani lililopinda.
Kisha, kama aliyeulizwa:
mtoto anachezea sebuleni.

Aliandika kitu kwenye fomu, hakumwonyesha.
Aliondoka na doa la kijani kwenye kila goti.

Barua ya pili haijafika.
Meza imetulia.
Na kule uani, ambako rula haikufika,
kuna kitu kimeota, jina lake Doreen halijui,
kimemfika kiunoni.